Salamu Ndefu za Chiriku

Chiriku hakupewa jina hilo kwa sababu ya wembamba wa miguu, ingawa miguu nayo ilistahili. Alipewa kwa sababu ya mdomo. Mama yake ni msusi, na mtoto huyo alikulia chini ya benchi la wateja, kwenye vichana na mafuta ya nywele na maneno. Mwanamke akishaketi kusukwa mtindo wa twende kilioni hana pa kukimbilia: kichwa kimekamatwa, kilichobaki huru ni ulimi tu. Basi Chiriku alijua kusalimia kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na wala si salamu ya kurusha na kupita. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto je? Na mzee? Na ule mguu wake? Kazi inakwendaje? Na yule wifi aliyekuja kutembea akahamia? Mteja anajibu nzuri, wazima, hawajambo, anaendelea, tunashukuru. Akimaliza kujibu yote hayo ndipo anakumbuka kusema kwamba juzi upepo umeezua paa la nyumba yake. Ndivyo tulivyo, jamani, tusijifiche. Nzuri kwanza, habari yenyewe baadaye.

Alipoingia chuo kikuu akachagua kusoma Kijapani. Ukimuuliza leo kwa nini, atakupa hotuba ndefu kuhusu uzuri wa lugha na utajiri wa utamaduni. Usimsikilize. Alichagua Kijapani kwa sababu siku ya kujiandikisha foleni ya Kijapani ilikuwa fupi, na yeye alikuwa amevaa viatu vya kubana. Mama yake alipowapa wateja habari hiyo, mmoja wao, mama mwenye duka la vitambaa, akauliza, "Kwani hao wenyewe hawawezi kukisema mpaka wasaidiwe?" Benchi zima likacheka. Mama msusi hakucheka. Alivuta nywele za yule mama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaendelea kusuka.

Sasa huyo huyo aliyefuata foleni fupi akaja akaipenda lugha kwelikweli. Alipenda jinsi sentensi inavyoficha kitendo chake hadi mwisho, kama mmbeya anayejua kuchelewesha utamu. Akasoma kwa bidii, akasema na kioo, akasema na kuku wa jirani. Chuo kikamchagua kwenda ng'ambo kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi: wao wanaleta mmoja wao, sisi tunapeleka mmoja wetu. Sharti lilisemwa waziwazi. Mwisho wa muhula wa kwanza kuna mtihani, wa kuandika na wa kuzungumza. Ukifaulu unabaki mwaka mzima, unarudi na cheti. Ukifeli unafungasha. Mama yake akalisikia sharti hilo, akaliweka kando, akatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe anakwenda kwa mwaka na atarudi mwalimu. Watu wakampongeza. Wengine wakaanza kumwita Mama Mwalimu, naye, bila hata chembe ya aibu, akawa anaitika. Hapo ndipo Chiriku alipofungwa kamba shingoni, na aliyeifunga aliifunga kwa mapenzi.

Kule alikofika alipangishiwa chumba juu ya duka la dobi. Kilikuwa chumba kidogo chenye sakafu ya mikeka iliyoshonwa ukingo, dirisha moja, na kabati ambalo mchana lilimeza godoro na jioni likalitema. Mvuke wa pasi ulipanda kutoka chini tangu asubuhi, ukuta mmoja ukawa na joto la kupendeza, na karatasi zake zote zikawa laini kama leso. Dobi mwenyewe alikuwa mzee mwembamba aliyefiwa na mke, mwenye shati jeupe lisilo na mkunjo hata kwenye kiwiko. Chiriku alimwita Babu Dobi, kwanza moyoni, baadaye usoni, na mzee hakukataa. Hakukataa kwa sababu kukataa kungehitaji maneno, na maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye kisahani cha chai.

Jambo moja tu alilisimamia. Kule, mtu akitoka nyumbani husimama mlangoni na kusema, "Nakwenda, nitarudi." Aliyebaki ndani, hata mikono iwe imejaa kazi, humjibu, "Nenda, urudi." Siku ya kwanza Chiriku alitoka mbio bila kusema. Babu Dobi akamfuata hadi nje na pasi mkononi, waya ukakaribia kung'oka ukutani, akamrudisha ndani, akamsimamisha mlangoni kama mtoto wa chekechea hadi akasema. Kisha mzee akajibu, akainama kidogo, akarudi kwenye meza yake. Chiriku akaona ni haki, hata kwao mtu haondoki bila kuaga. Ila aliona pana upungufu mkubwa. Wameaga, sawa. Sasa kusalimiana kwenyewe ni lini?

Basi akafanya kile ambacho mtu wa kwetu tu angeweza kukifanya. Alichukua salamu zetu zote, kichwa na mkia, akazigeuza Kijapani, akawa anawamiminia watu wa watu. Kila asubuhi, akishuka ngazi, alianza na Babu Dobi. "Babu, umeamkaje? Umelala vizuri? Mgongo haujambo? Kazi inakwendaje? Watoto wako hawajambo?" Mzee alibaki ameinua pasi hewani, mvuke unamtoka puani (ulikuwa wa pasi, lakini ulionekana kumtoka yeye), akimtazama kama mtu aliyeombwa kitambulisho mlangoni kwake mwenyewe. Mwisho alisema, "Mm." Chiriku akaipokea hiyo "mm" kama nzuri, akaaga, akajibiwa, akaenda zake akiwa ameridhika kabisa.

Mtaani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Tarishi wa barua aliulizwa habari za mama yake mzazi, kesho yake akaanza kupitia upande wa pili wa barabara. Mama wa duka la kalamu alipoulizwa kama mume wake hajambo, alikimbilia chumba cha nyuma kumwangalia. Alimkuta anakunywa chai, akarudi mbele ameshika kifua, akamuuliza Chiriku amesikia nini. "Sijasikia kitu, mama, nakusalimia tu!" Chiriku akasema, na moyoni akawaonea huruma: watu wazuri hivi, wasafi hivi, na hakuna aliyewafundisha salamu.

Habari zikamfikia mwalimu wa utamaduni. Huyu alikuwa mwanamke nadhifu ambaye hata kivuli chake ungedhani kimepigwa pasi. Alimkalisha Chiriku kwenye kiti, akakunja mikono mapajani, akamweleza kwa upole kwamba kule watu hutaja hali ya hewa, huinamishiana vichwa, na kuachana salama.

"Lakini mwalimu, ukimpita mtu bila kumuuliza habari za nyumbani, si atadhani umemkasirikia?"

"Hapa mtu akikuuliza habari za watoto wako, unadhani anataka kuzijua."

"Na sisi tunataka kuzijua!"

"Vizuri," akasema mwalimu. "Na ukishaambiwa, unafanyaje?"

 Ilikuwa mara ya kwanza Chiriku kuulizwa hivyo. Tangu utotoni kwao, kila aliyemuuliza habari za watoto alimjibu hawajambo, naye Chiriku akishajibiwa hivyo aliendelea na swali la mwisho, lile la wifi. Hakuwa amewahi kuambiwa kitu cha kufanyia kazi. Akainama akashukuru, akatoka, na kwa ukaidi wake akaendelea vilevile, angalau kwa Babu Dobi, ambaye alikuwa wa nyumbani na hakuwa na upande wa pili wa barabara.

Hiyo ndiyo iliyokuwa raha yake. Mengine, msomaji, yalikuwa magumu. Kusema alijua. Kuandika ndiko kulikomtoa jasho. Zile herufi zenye mistari juu ya mistari, zimesongamana kama nywele za mteja aliyekaa mwezi bila kuchana, ziliingia kichwani asubuhi na kutoka mchana. Darasani alikaa karibu na kijana mmoja mgeni kama yeye, aliyetoka nchi nyingine kabisa, ambaye Chiriku alimbandika jina la Kamusi kwa sababu alikariri kila alichokiona, hata maandishi ya pakiti za maziwa. Kamusi alijitahidi kumsaidia. Wapi! Karatasi za Chiriku zilirudi na wino mwekundu mwingi kuliko mweusi. Alishushwa darasa moja, akakaa na wanaoanza, watu waliomtazama kwa heshima kwa sababu walidhani ni msaidizi wa mwalimu. Hakuwasahihisha.

Na kila Jumapili alimpigia mama yake simu.

"Mwanangu, umeamkaje?"

"Salama, mama. Nyumbani hawajambo?"

"Wazima. Masomo yanakwendaje?"

"Nzuri tu, mama. Na kazi?"

"Nzuri, mwanangu, tunashukuru. Unakula?"

"Nakula. Majirani?"

"Wote wanakusalimu, wanamuulizia mwalimu wao."

Wakazunguka hivyo hadi salio likaisha, mama akaridhika, mtoto akaridhika, na hakuna aliyejua chochote kuhusu mwenzake. Chiriku akikata simu alikaa kwenye mkeka akitazama lile rundo la karatasi nyekundu, roho inamsuta. Alijiambia atamweleza akifaulu. Yaani atamweleza kwamba alikuwa anafeli, siku ambayo habari hiyo haitakuwa na maana tena. Akili za usomi hizo.

Mtihani wa kuandika ukaja, akaufanya, akatoka amejiinamia. Yule mwalimu wa utamaduni alimwita pembeni akamwambia ukweli bila kuuzungusha: alama za kuandika hazitoshi. Lakini mtihani wa kuzungumza una uzito sawa, na kwa mdomo alionao, akizungumza vizuri anaweza kujivuta hadi juu na kubaki. "Usichelewe tu," akaongeza. "Saa ikifika mlango unafungwa, na mimi sina mamlaka ya kuufungua." Chiriku karibu acheke. Yeye ashindwe kuzungumza? Wamelitaja jambo pekee duniani ambalo angelifanya hata usingizini.

Siku ya mtihani akaamka mapema. Shati lake alilikuta limening'inia kwenye hanga mlangoni pa chumba, limenyooshwa kola mpaka vifungo, na hakuwa ameomba. Akalivaa, akashuka ngazi akirudia hotuba yake kimoyomoyo, akavaa kiatu kimoja huku anasalimia, cha pili huku anaendelea.

"Babu, umeamkaje? Ahsante kwa shati! Mgongo haujambo? Kazi inakwendaje? Watoto wako hawajambo? Haya, nakwe—"

"Sijui," akasema Babu Dobi.

Chiriku alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. "Samahani, babu?"

"Kila siku unaniuliza kama watoto wangu hawajambo. Ninaye mmoja, binti." Mzee akaisimamisha pasi kwenye kikalio chake. Tangu Chiriku afike, hakuwahi kuiona pasi ile imekaa bila kazi. "Sijui kama hajambo. Nimefikiri nikujibu uongo, lakini umeuliza siku nyingi mno."

Hapo sasa. Kwetu ungesema pole, babu, Mungu ni mwema, ukaenda zako, na hakuna ambaye angekulaumu. Treni ilikuwa inakuja, mlango wa mtihani unasubiri kufungwa, Mama Mwalimu anaitikia jina lake kule nyumbani.  Lakini alimtazama yule mzee, amesimama mikono mitupu nyuma ya meza yake, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Kumbe kila asubuhi alikuwa anamtonesha mtu kidonda, kisha anaaga kwa furaha na kwenda kusoma utamaduni! Hakujua afanye nini. Alijua tu kwamba aliyeuliza ni yeye. Akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Niambie, babu," akasema.

Babu Dobi akaeleza, kwa vipande vifupi, kama anavyokunja shati. Binti yake alikuwa akifanya kazi pale pale kaunta, akishona vifungo vilivyokatika na kuwachekesha wateja. Akapata kazi ya kompyuta mji mwingine, akataka kwenda. Mzee akamwambia duka litabaki na nani. Wakagombana. Asubuhi ya kuondoka binti akasimama mlangoni na sanduku lake.

"Akasema, 'Nakwenda, nitarudi.' Nilikuwa na koti mezani. Nilimsikia. Sikumjibu."

Chiriku akageuka kuutazama mlango ule.

"Akasema tena. Nikaligeuza koti upande wa pili. Akasimama kidogo, akatoka."

"Halafu?"

"Hakurudi."

"Ilikuwa lini, babu?"

Mzee akafikiri. "Koti la mtindo ule halivaliwi tena," akasema.

Akaendelea. Alikuwa na mengi kuliko kisahani cha chai, kumbe. Yalikuwa yamekosa wa kuyauliza na kukaa. Jinsi binti alivyoogopa mashine ya kukausha alipokuwa mdogo. Jinsi alivyopenda kuandika jina lake kwenye mvuke wa kioo. Chiriku hakumkatiza hata mara moja, na mimi ninayemjua naona hicho ndicho kioja kikubwa cha habari hii yote. Mwishowe Babu Dobi akatazama saa ya ukutani, akaduwaa. "Mtihani wako!" akasema. Chiriku akaingiza miguu viatuni, akaaga, akajibiwa, na mbio alizozipiga siku ile zilimshangaza hata tarishi.

Alikuta mlango umefungwa. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, shati limelowa jasho, akisikiliza sauti ya Kamusi ndani ikitiririka kama mtu anayesoma gazeti. Walipomaliza, mwalimu akatoka, akamwona, uso ukamshuka.

"Kwa nini umechelewa?"

Kamusi alikuwa nyuma ya mwalimu, anampigia ishara za mikono, macho yamemtoka. Ishara hizo baadaye alizifafanua: sema babu amezimia, sema umeita gari la wagonjwa, sema chochote! Na wala Chiriku hakuhitaji kutunga. Alikuwa na sababu ya kweli, nzuri, ya kuliza watu. Angeimwaga pale, mwalimu angeipeleka ofisini, ofisi ingeijadili, na jioni mama wa duka la kalamu angekuwa anamtazama Babu Dobi kwa jicho la huruma. Ile habari aliambiwa yeye. Huyu Chiriku, ambaye tangu azaliwe hajawahi kulala na siri ya mtu, akauma ulimi.

"Nimechelewa, mwalimu. Naomba radhi."

"Hakuna sababu?"

"Ipo. Siwezi kuisema."

 Mwalimu akainamisha kichwa, chini zaidi ya kawaida yake, akaenda. Alama ikabaki sufuri, maana kule kuheshimiana ni jambo moja na kanuni ni jambo jingine. Kamusi alimpa pole na nusu ya mkate wake, akamwambia ni mpumbavu. Chiriku akakubali vyote. Aliporudi dukani alimwambia Babu Dobi maneno machache tu: amefeli, muhula ukiisha anarudi kwao. Hakumwambia kwa nini. Mzee si mtoto, alitazama saa ya ukutani, akatazama kile kiti cha wateja, akawa mweupe kuliko mashuka yake.

Siku mbili akapiga pasi bila kuinua macho. Ya tatu akamwita Chiriku kaunta. Mbele yake ilikuwa simu ya duka.

"Zile salamu zako," akasema. "Unaanza na nini?"

"Na usingizi, babu. Unauliza amelalaje."

"Halafu?"

"Mwili. Halafu kazi, halafu nyumba, halafu watu wa nyumba. Na ukiuliza, babu..." akasita, "subiri akujibu."

Mzee akapiga namba ambayo kumbe alikuwa nayo siku zote. Chiriku alijifanya anapanga hanga, ambazo zilikuwa zimepangwa. Alimsikia akimuuliza mtu kama amelala vizuri, kama mgongo hauumi, kama kazi inakwenda, kama nyumba haivuji, kama kuna mtu anaishi naye na kama mtu huyo hajambo, yote kwa mfululizo, kwa sauti ya askari anayesoma amri.  Upande wa pili sauti ya mwanamke ikauliza kitu, ikakatika.

"Amesemaje?" Chiriku alishindwa kujizuia.

"Ameuliza kama nimeanguka."

Mchana wa siku ile ile mlango wa duka ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia mwanamke mwenye mkoba begani, anahema, nywele zimemtoka kwenye kibanio. Hakumtazama mzee. Alimvuta Chiriku pembeni, akamuuliza kwa mnong'ono, "Wewe ni mpangaji hapa? Maswali haya yamemwanza lini? Anakumbuka jina lake? Daktari amemwona?" Maskini ya Mungu, alidhani baba yake amechanganyikiwa! Mtu ambaye hakuwahi kuuliza chochote akaulizia nyumba kuvuja. Hapo hata mimi ningepanda treni ya kwanza. Chiriku akamhakikishia kwamba mzee ana akili zake zote, na kwamba ugonjwa wa maswali ameuleta yeye kutoka kwao.

Ndipo binti akageuka. Babu Dobi alikuwa ameshazima pasi. Alizunguka meza akaja mbele, na kwa yule mzee kuvuka meza ile ilikuwa safari. Alisema alimsikia siku ile. Alisema alimsikia mara zote mbili. Nani alianza kulia siwezi kuapa, kwa sababu ninayemtegemea kwa habari hii alikuwa ngazini akichungulia, na machozi yake mwenyewe yalikuwa yanamziba macho.

Chiriku akapanda chumbani, akaketi mkekani, akashika simu. Haikuwa Jumapili. Alijipa moyo, akabonyeza.

"Mwanangu! Umeamkaje? Kuna nini leo?"

"Mama, niulize masomo."

"Ehe? Masomo yanakwendaje?"

"Si nzuri, mama." Akashusha pumzi. "Nimefeli. Nimekuwa nafeli toka mwanzo, nikawa nakwambia nzuri. Muhula ukiisha narudi. Hakuna mwaka mzima, hakuna cheti, hakuna mwalimu."

Mama akanyamaza. Na katika kunyamaza kule Chiriku akagundua kitu ambacho angekigundua zamani kama angekuwa na tabia ya kusikiliza. Nyuma ya mama yake hakukuwa na sauti. Hakuna mteja anayecheka, hakuna redio, hakuna mtu anayelalamika kwamba amevutwa sana.

"Mama, wateja wako wapi?"

"Wapo, mwanangu. Kazi nzuri, tunashu..."

"Mama. Mimi nimeshasema ya kwangu."

Akamsikia akihema. "Vidole vimekufa ganzi," mama akasema. "Kichana nakishika, kinaanguka. Nimejikaza weee. Mama wa vitambaa nilimsuka upande mmoja ukapanda mlima, alijifunga kilemba hadi ukafumuka. Sasa hawaji. Wanapita wananisalimia, nawaambia mimi mzima."

"Toka lini?"

"Toka hujamaliza kufungua sanduku huko."

"Na kila Jumapili nakuuliza habari za kazi!"

"Unaniuliza. Mimi nakuuliza za masomo. Tumeulizana sana, wewe na mimi." Mama alijaribu kucheka, kicheko kikamponyoka katikati. "Ningekwambia nini? Nikwambie uache shule urudi? Baada ya kuwatangazia watu? Nilikuwa natamani urudi, mwanangu. Kila ukikata simu nilikuwa natamani urudi. Nikaona haya kukuita."

Chiriku alitafuta neno. Akalitafuta kwa Kiswahili, akalitafuta kwa Kijapani. Huyu msemaji wetu, aliyewachosha tarishi na wauza kalamu, hakupata hata moja.

"Halo?" mama akasema. "We Chiriku? Mtandao umekata?"

"Haujakata, mama. Nipo. Nalia tu."

"Basi lia, mwanangu," mama akasema. "Mimi nimeshaanza muda."